Nani Aliwafundisha Hiyo Sala?

Krismasi ya mwaka 2010 kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alirudi Mwaya na mashine ya gemu kwenye begi. Alikuwa kakaa Uingereza miaka sita bila kuja nyumbani, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri viatu na simu. Yeye akatoa kiboksi cheupe, nyaya, na rimoti mbili zenye kamba ya kuvaa mkononi. Ilikuwa Wii ya Nintendo. Tukaazima jenereta, tukaunganisha na televisheni ya sebuleni, na kufika saa mbili usiku nyumba ilikuwa imejaa kuliko siku ya msiba.

Kama hukuwahi kuishika Wii, nikueleze kidogo. Ilitoka mwaka 2006, na kilichoifanya iuzwe zaidi ya milioni 100 duniani ni ile rimoti. Haikuhitaji ukariri vitufe kumi. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, unarusha mkono kama unapiga mpira wa tenisi, na mtu wa kwenye kioo anafanya hivyohivyo. Nintendo waliitengeneza kwa ajili ya watu wasiocheza gemu: mama, mjomba, mzee wa nyumba. Na kweli, bibi yetu, aliyezaliwa enzi za Waingereza na ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alivishwa ile kamba, akaelezwa kwa Kinyakyusa namna ya kuviringisha tufe, akaangusha pini nane mara ya kwanza. Nyumba ililipuka. Akacheza tena na tena, na alipochoka akasema mchezo wenyewe ni kama kurusha mawe kufukuza ndege shambani kwenye mpunga, ila huu hauna faida.

Jenereta ilipoishiwa mafuta watu wakatawanyika. Tukabaki watatu, mimi, kaka na bibi, na kompyuta ndogo ya kaka iliyokuwa bado na chaji. Akaniambia, "Mdogo wangu, ngoja nikuonyeshe gemu la watu wazima." Akafungua Civilization IV. Kwenye kioo ikatokea dunia ikizunguka taratibu gizani, na kwaya ikaanza kuimba.

Bibi alikuwa anaelekea chumbani. Akasimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hawa wanasali?"

"Ndiyo, bibi. Ni Baba Yetu."

"Ni watu wa wapi?"

"Marekani."

Akafikiri kidogo. "Nani aliwafundisha?"

Kaka akacheka, akasema, "Bibi, siku hizi kuna intaneti." Bibi hakucheka. Alituangalia kama alivyokuwa akituangalia tukiwa wadogo tukimdanganya kuhusu ng'ombe, akaenda kulala. Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Nililibeba miaka mingi nikidhani ni swali dogo.

*

Tuanze na gemu lenyewe, maana wasomaji wengi wa hapa ni watu wa vitabu na huenda hawajawahi kulicheza.

Civilization lilitoka mwaka 1991 katika kampuni ya MicroProse. Walilitengeneza Sid Meier na Bruce Shelley, na tangu hapo limetoka toleo baada ya toleo, la saba likiwa la mwaka 2025. Msingi wake haujabadilika sana. Unaanza mwaka 4000 K.K. ukiwa na kikundi cha walowezi. Unajenga mji, unalima, unagundua maandishi, gurudumu, baruti, umeme, na baada ya miaka elfu sita ya kwenye kioo unarusha chombo kwenda nyota za mbali au unaiteka dunia. Mnacheza kwa zamu. Hakuna haraka, ila hakuna kulala pia: kila mchezaji wake anajua ile hali ya kusema "zamu moja tu ya mwisho" halafu unasikia jogoo.

Mambo mawili kwenye gemu hili yalinikaa rohoni kuanzia usiku ule.

La kwanza ni ramani. Unapoanza, ni nyeusi yote isipokuwa pale ulipo. Nchi inaanza kuwepo pale mtu wako anapoikanyaga. Mto hauna jina, ziwa halipo, mpaka mpelelezi wako afike.

La pili ni vibanda. Ukitembea kwenye ile nchi mpya unakuta kijiji kidogo kisicho na bendera. Unakiingia. Kinakupa dhahabu, au maarifa, au askari wa kukufuata, au kinageuka kundi la washenzi wanaokushambulia. Vyovyote itakavyokuwa, ukishakiingia kinatoweka. Zamu inayofuata pale ni majani matupu.

Na kuna orodha ya wanaoruhusiwa kucheza. Toleo la 1991 lilikuwa na mataifa 14, na ya Afrika yalikuwa mawili tu, Wamisri na Wazulu. La nne, lile la kaka, lilitoka mwaka 2005 na Wamisri na Mali ya Mansa Musa, kisha nyongeza zake zikawaleta Wazulu na Wahabeshi. Waswahili hawakuwemo. Hebu liangalie hilo vizuri: kwenye gemu ambalo mlango wake unafunguliwa kwa Kiswahili, hakuna namna ya kucheza ukiwa Mswahili, sembuse Mnyakyusa wa Mwaya. Sisi, kwa hesabu ya ramani ile, ni kibanda.

*

Sasa wimbo. Aliyeutunga ni Christopher Tin, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford. Huko aliwahi kuishi chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye akawa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Walikutana tena kwenye mkusanyiko wa waliosoma pamoja, wakazungumza, na Johnson akamwomba muziki wa kufungulia gemu. Tin alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili akaitungia muziki, na waliouimba mara ya kwanza walikuwa Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford kinachoimba bila vyombo. Mwaka 2009 aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir kwenye albamu yake Calling All Dawns. Februari 2011, miezi miwili baada ya Krismasi yetu ile, wimbo ulishinda tuzo ya Grammy. Ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata tuzo hiyo.

Sisemi haya kwa kejeli. Wimbo ni mzuri, nimeusikiliza mara zisizohesabika, na nimeuona ukiimbwa na kwaya za kila rangi duniani. Ila angalia kazi uliyopewa. Dunia inazunguka gizani, jua linachomoza pembeni, na Kiswahili kinaingia kama sauti ya mwanzo wa binadamu. Kimewekwa kabla ya zamu ya kwanza na kabla ya mji wa kwanza. Msikilizaji wa Chicago anasikia kitu cha kale mno, kitu cha asubuhi ya ulimwengu, lugha isiyo na tarehe.

Bibi yangu alisikia kitu kingine kabisa. Yeye alisikia lugha ya serikali.

Kwake Mungu alikuwa anaelewa Kinyakyusa. Alisali kwa Kinyakyusa, alilia msibani kwa Kinyakyusa, alitukana mbuzi kwa Kinyakyusa. Kiswahili kilikuwa cha bwana shamba, cha zahanati, cha redio, cha mkutano wa kijiji. Alikiongea, tena vizuri, lakini kama mtu anavyovaa viatu: akitoka. Kwa mtu wa pwani Kiswahili ni cha mababu. Kwa sisi wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ni mgeni, na tunajua alikuja na nani.

*

Mwaka 1879 msafara wa Shirika la Kifalme la Jiografia la London ulishuka kutoka nyanda za juu hadi kwenye ncha hii ya ziwa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani Behobeho, na Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, akabaki na msafara mikononi. Katika Civilization huyo ndiye mpelelezi, yule anayeifungua ramani nyeusi. Lakini aliyekuwa akiuendesha msafara hasa ni nyapara wake, Chuma, Myao aliyezaliwa nchi za ziwa hilihili, mmoja wa wale waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani. Wapagazi walikusanywa Zanzibar na pwani, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo ile "giza" ya ramani ilikuwa ya London peke yake. Wapagazi walikuwa wanaulizana njia.

Misafara mingine ilikuwa na shughuli nyingine. Miaka ya 1880 mfanyabiashara Mswahili aitwaye Mlozi alijijenga karibu na Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, akinunua pembe na watu. Oktoba 1887 watu wake waliwavamia Wangonde huko Kambwe na kuwaua wengi. Vita na Waingereza wa Kampuni ya African Lakes vikafuata. Frederick Lugard, ambaye baadaye angekuwa gavana huko Nigeria, alipigwa risasi hapo mwaka 1888 akijaribu kuibomoa ngome ya Mlozi. Ngome haikuanguka mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipokuja na askari na mizinga. Mlozi akanyongwa.

Wangonde ni ndugu zetu. Lugha yao na yetu zinasikilizana, koo zinafanana, kutoana wake ni jambo la kila mwaka. Lakini tarehe 1 Julai 1890, Mlozi akiwa bado ngomeni kwake, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba mjini Berlin, na mstari ukapita kwenye Songwe. Upande wa huku ukawa wa Mjerumani, wa kule ukawa wa Mwingereza. Hakuna aliyekuja kuuliza. Kila ninapocheza Civilization na kuona mpaka wa rangi ukijichora wenyewe juu ya mto, mwili unanisisimka kidogo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin wakafika Unyakyusa, kila kundi na vilima vyake. Hawa, tofauti na walivyofanya wenzao wa pwani, walijifunza Kinyakyusa na kuhubiri kwacho, na ndiyo maana bibi alisali alivyosali. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilitaka Kiswahili: cha makarani, cha askari, cha kodi. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja mtu wa Mwaya alikisikia Kiswahili kutoka kwa mpagazi, kwa mwindaji wa watu, na kwa mkusanya kodi. Si asubuhi ya ulimwengu hiyo. Ni mchana kweupe.

Hata vita vikuu vilipoanza, baadhi ya risasi za mwanzo za majini kati ya Waingereza na Wajerumani Afrika Mashariki zilipigwa kwenye ziwa letu. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Ikaipiga. Nahodha Mjerumani, ambaye habari za vita hazikuwa zimemfikia, alikuja kwa mtumbwi kumgombeza rafiki yake Mwingereza akidhani amelewa. Akachukuliwa mateka. Watu wanaipenda sana hadithi hii kwa sababu inachekesha. Mwezi uliofuata walipigana Karonga, na huko hakukuwa na kicheko. Waliobeba risasi na vyakula vya vita ile, pande zote mbili za Songwe, walikuwa watu wa vijiji, na kwenye ramani za majemadari wapagazi hawana alama yao.

Kisha Waingereza, kisha Uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya serikali na ya shule za msingi nchi nzima. Mimi ni zao la shule hizo. Kiswahili kilinipa vitabu, kilinipa rafiki Mhaya na mchumba Mzaramo, kinanipa ninyi mnaonisoma. Sikionei haya. Nasema tu kwamba kina tarehe.

*

Basi nikawa na jibu la nusu: Kiswahili kilikuja kwetu na nani. Lakini bibi aliuliza kinyume chake. Aliuliza nani aliwafundisha *wao*.

Njia ya haraka ni kusema Talisman waliijua sala hiyo kwa sababu ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yanayopatikana kirahisi kuliko yote. Kila kitabu cha sala kinayo. Lakini ilifikaje kwenye vitabu? Hapo inabidi urudi pwani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri. Edward Steere, askofu wa mishoni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1882, akaandika sarufi, akakusanya ngano, akatafsiri Maandiko kwa Kiunguja. Kiunguja hichohicho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kile nilichofundishwa mimi.

Mpaka hapo ni hadithi ya wazungu wawili na kamusi. Nilitaka kuishia hapo. Kisha nikasoma habari za Kiungani.

Kiungani ilikuwa shule ya UMCA nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokamatwa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza, wakakabidhiwa kwa mishoni. Walitoka wapi? Angalia njia ya biashara yenyewe: watumwa wengi waliouzwa Zanzibar katika karne ile walipitia Kilwa Kivinje, na nchi zilizoilisha Kilwa zilikuwa nchi za ziwa, Uyao, Nyasa, Umakua. Mwaka 1887, mwaka uleule wa Kambwe, mwalimu wao A. C. Madan alichapisha kitabu cha maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe: walivyotekwa, walivyouzwa, walivyovushwa. Wamo Wayao, wamo Wamakua, wamo Wanyasa.

Watoto hao walifika Zanzibar kila mmoja na lugha ya mama yake. Walijifunza Kiswahili kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kuongea wao kwa wao. Ndio waliopanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji cha mishoni, kurasa kwa kurasa, vitabu vya sala vikiwemo. Ndio walioimba kwenye kwaya. Ndio waliorudi bara wakiwa walimu. Kiswahili cha vitabu vya sala, kabla hakijafika Stanford, kilipita kwenye vidole vya watoto walioibwa kutoka nchi za ziwa letu.

Nilipolielewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba sisi wa ziwani tulipewa lugha hii, kwa hiari au kwa fimbo. Kumbe kuna waliokuwa wametangulia kulipa kwa ajili yake, na kuijenga.

Sasa kuna jambo ambalo wachezaji wa Civilization wanalijua. Toleo la sita, la mwaka 2016, lina Zanzibar, lakini kama mji mdogo usioweza kushinda gemu. Kazi yake ni kumpatia mdalasini na karafuu mkubwa atakayefanya nao urafiki. Mwaka 2018 ikaongezwa Kilwa Kisiwani, nayo ni moja ya maajabu: mchezaji yeyote, hata Mwingereza, anaweza kuijenga kwake. Mwaka 2025 Buganda ikaingia kama taifa kamili kwenye toleo la saba, na nilifurahi kweli. Lakini Kilwa ya gemu ni ile ya misikiti ya mawe ya matumbawe. Kilwa waliyoijua watoto wa Kiungani ni Kivinje, ya ufukweni, wakisubiri jahazi.

*

Turudi kwenye Wii, maana sijaisahau.

Baada ya usiku ule nilimsumbua kaka: kwa nini gemu la kwenye kompyuta lisichezwe kwa rimoti ile, ili bibi naye acheze? Akaniambia lilikuwa mbioni. Na kweli, mwaka 2007 lilitangazwa Civilization Revolution, toleo fupi na jepesi kwa mashine za sebuleni, Sid Meier mwenyewe akilisimamia. Lilitakiwa litoke kwenye mashine kadhaa, Wii ikiwemo. Mwaka 2008 likatoka kwenye nyingine zote. La Wii likawekwa kando, na halikutoka mpaka mashine yenyewe ikapitwa na wakati.

Ni jambo dogo kwenye historia ya biashara ya gemu. Kwangu lina maana kubwa kidogo. Mashine iliyoujali mkono wa bibi haikuwa na gemu lililoimba lugha anayoielewa. Gemu lililoimba lugha anayoielewa lilitaka panya, kibodi na Kiingereza. Alisimama katikati, mlangoni.

Mbinu na mkono haviwezi kukaa pamoja? Tembea asubuhi mpaka ufukweni Mwaya, pale mitumbwi inapovutwa na usipa unaanikwa. Kuna mbao mbili tatu za bao. Mashimo 32, kete 64, safu mbili zako na mbili za mwenzako. Ukiangalia kwa mbali unaona wazee wanatupa kete haraka kama wanapanda mbegu. Ukikaa karibu unagundua kila mkono ulishahesabiwa kabla haujanyanyuka: wapi utaishia, utakula kichwa kipi, nyumba uivunje sasa au uilinde mpaka namua iishe. Wavuvi wa ng'ambo wakija wanacheza nao, wao wanaliita bawo, na hakuna anayehitaji mkalimani. Huo ni mchezo wa mbinu unaochezwa kwa mwendo wa mkono, na mto Songwe haujaukata.

Mwaka jana kaka alinipigia kutoka huko aliko. Amenunua miwani ya kuvaa usoni, ile ya uhalisia pepe, na Civilization VII imetengenezewa toleo lake. Ramani inatandazwa mbele yako kama meza, viongozi wengine wamekaa ng'ambo yake, na unawasogeza askari kwa mkono. "Mdogo wangu," akasema, "hatimaye bibi angeweza."

Nikamwambia angeweza, ndiyo. Tukanyamaza wote wawili.

Bibi tulimzika mwaka 2016, mwezi wa nne, tambarare ya Kyela ikiwa imejaa maji na gari la msiba likisukumwa na vijana. Mchungaji alipomaliza, kwaya ya vijana ikaimba ule wimbo wa Tin. Walikuwa wamejifunza kwenye simu, kwa kurudia-rudia video, mpaka sauti nne zikakaa. Vijana wa Mwaya walifundishwa sala ya Kiswahili na Wamarekani. Ningetamani bibi asikie, aulize tena swali lake.

Kisha wazee wakaisali tena, bila muziki, kwa Kinyakyusa, kama alivyokuwa akiisali yeye kila usiku nikiwa nimelala pembeni yake. Nilianza nao vizuri. Katikati maneno yakaniishia. Nikamalizia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, asinisikie mtu.

Katika Civilization IV miji inaambukizana utamaduni. Ukiwa jirani na mji wenye nguvu, rangi ya mpaka wake inasogea polepole juu ya mashamba yako, zamu kwa zamu, bila askari hata mmoja, mpaka siku moja watu wako wanaomba wenyewe kuhamia kwake. Nilidhani hilo huwatokea wengine.

Kaka naye, alipokuja kwenye arobaini, nilimwuliza kama anaijua yote. Akatikisa kichwa. Tukaenda kwa shangazi, mdogo wa mwisho wa bibi, tukaketi kwenye mkeka, tukamwomba atufundishe kuanzia mwanzo. Akacheka sana, watu wazima na ndevu zao. Kisha akaanza, mstari kwa mstari, na sisi tukawa tunarudia.